Fundi na Vali Iliyonyamaza

Fundi hakumsalimia Daktari kabla hajaisalimia boila. Alishuka kwenye lori la mboga lililomleta kutoka Meru, akamwonyesha askari wa langoni pasi yake bila hata kumtazama usoni, akaenda moja kwa moja nyuma ya jengo la upasuaji, akasimama nje ya kibanda cha boila na kichwa amekiinamisha upande. Hakugusa kitu, alisikiliza tu. Sisi wafua nguo tuliokuwa upande wa pili wa ua tulijua kwamba wakati huo hata kucheka hairuhusiwi, maana ukicheka angegeuka na kukuuliza kama ni wewe uliyeitwa kuja kusema. Akisha kusikiliza husema, "Haya, nimesikia," kisha ndipo huenda kwa Daktari.

Mimi nilikuwa dobi katika hospitali hiyo ya misheni, kwenye bega la mlima, kati ya Meru na Embu. Nilitoka kwetu upande wa Gachoka, nchi ya jua na mbuzi, nikapata kazi mahali ambapo maji yanatiririka tu bila mtu kuyaomba. Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, imanjensi kama tulivyoiita, wakati ukitaka kwenda kumwona mama yako mgonjwa unaanza kwa kuomba karatasi. Fundi nilimfahamu miaka ile yote. Jina lake nalijua, na kulitaja lilikuwa jambo alilolipenda kuliko chakula, lakini hapa nitamwita Fundi, kwa sababu nitakayoieleza mwisho.

Boila yenyewe ilikuwa pipa kubwa la chuma lililosimama, kuukuu, linalokula kuni chini na kutoa mvuke juu. Mvuke huo ulichemsha vyombo na vitambaa vya upasuaji, ukapasha maji yetu ya kufulia na uji wa wagonjwa. Juu kabisa kulikuwa na mkono wa chuma uliolala, na mwisho wa mkono limening'inizwa jiwe la chuma. Mkono huo ulikandamiza kifuniko kidogo cha shaba kilichoziba tundu. Mvuke ukizidi nguvu hukiinua kifuniko, ukatoka kwa kelele za kuamsha mtaa. Ukipungua, mkono hushuka, kimya. Hiyo ndiyo vali ya usalama, na hiyo ndiyo kazi iliyomtoa Fundi Majengo ya Meru na kumzungusha kwenye viwanda na hospitali zote za upande huu.

Nianze na kiburi chake, maana yeye mwenyewe angeanza hapo.

Alikuja kazini na kofia nyeupe ya kufumwa na shati lililopigwa pasi hadi mikono inasimama yenyewe. Alivua shati akalitundika, akafanya kazi na fulana, akalivaa tena, na wallahi sikuwahi kuliona na doa. Mimi ni dobi, doa nalijua hata likijificha. Kuhusu kazi yake alijisifu bila kupumua. "Nikitengeneza mimi, imetengenezwa. Waulize Majengo. Waulize kila kinu cha mbao mpaka Chogoria. Hakuna vali iliyopita mkono huu ikamwaibisha mtu." Wenzangu walimsuta kwa ile methali ya chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Naye hakuona haya. "Kweli," alijibu, "lakini chema kikijitembeza pia, nani atakizuia?" Jina ndilo lilikuwa shamba lake. Watu wengine walikuwa na kahawa, na ng'ombe, na ekari zao zilizopimwa. Yeye alikuwa na chumba cha kupanga nyuma ya msikiti na jina lisilo na doa.

Na bado kazi yake haikuwa ya majisifu hata kidogo. Akiishika vali alikuwa mpole kama mama anayemchunguza mtoto masikio.

Watu wengi wakiona vali inavuja, mvuke unapenya kidogokidogo kama mtu anayenong'ona, wanakimbilia kuongeza uzito ili inyamaze. Fundi alilichukia jambo hilo kuliko alivyomchukia nguruwe. Kwanza aliivuta kamba, mkono ukapanda, mvuke ukaruka kwa nguvu, akauachia. Mara nyingi iliishia hapo, kumbe ilikuwa chembe ya uchafu tu imekaa chini ya kifuniko, ikapeperushwa. Kama bado inanong'ona, alingoja moto uzimwe na chuma kipoe, akafungua, akakitazama kile kifuniko kwenye mwanga wa jua akikigeuzageuza. Akipata mkwaruzo mwembamba kama unywele, alikaa chini kwenye gunia, akaweka kipande cha kioo cha dirisha juu ya magoti, akamwagia unga laini wa kusugulia uliochanganywa na mafuta, na kukisugua kifuniko juu ya kioo polepole, akizungusha mkono kama anayeandika nane. Aliandika nane hizo asubuhi nzima. Ukimsemesha hakujibu.

Kisha alikipaka masizi ya taa, membamba mno, akakikalisha mahali pake, akakizungusha mara moja na kukiinua. Masizi yakiacha duara kamili pale kilipokaa, aliita watu waje kuona. Duara likikatika hata pembe ya ukucha, alirudi kwenye gunia. Nilimwona siku moja akirudi na kurudi mpaka Daktari mwenyewe akaja kumwambia imetosha, mvuke unahitajika.

"Daktari," akamwambia, "ukishona tumbo la mtu unaacha nafasi ya kidole?"

Daktari akacheka, akaenda zake kuahirisha kazi. Walielewana sana hao wawili. Daktari alikuwa mzungu mwembamba, mchapa kazi, na aliujua mvuke vizuri, na sijawahi kumsikia akimharakisha Fundi mara ya pili.

Safari nyingine vali ilianza kutetemeka. Inafunguka, inafunga, inafunguka, inafunga, tatata-tatata, kama meno ya mtu mwenye malaria, na boila nzima inatikisika. Wote tuliogopa. Mtu mmoja akasema uzito umepungua, mwingine akasema ni shetani. Fundi alisikiliza, akasema, "Huyu amekabwa koo." Alipofungua, shingo ya bomba linalopeleka mvuke kwenye vali ilikuwa imejaa ukoko mweupe wa chokaa ya maji, nafasi iliyobaki haipitishi hata kidole. Vali ilikuwa inafunguka vizuri kabisa, lakini mvuke haufiki kwa wingi wa kuishikilia juu, ikaanguka, ikasukumwa tena. Aliukwangua ukoko huo kama unavyokwangua sufuria ya ugali, akaturudishia boila iliyotulia.

Na kuna wakati vali ilianza kufunguka mapema, kabla mshale wa geji haujafika kwenye mstari mwekundu. Hapo kila mtu alikuwa na hakika kwamba vali imezeeka. Fundi hakuigusa. Alitoa kwenye mkoba wake geji yake mwenyewe, iliyofungwa kwenye kanga ya mkewe, akaibadilisha na yetu, akawasha moto. Mshale wake ulifika kwenye mstari, na papo hapo vali ikafunguka. Geji yetu ndiyo iliyokuwa inasema uongo. "Mnaona?" akatuambia. "Mngemfunga mdomo yule anayesema kweli, mkamwamini mwongo kwa sababu ana uso wa kioo." Miaka ile, ya watu kushtakiwa na kushtakiana, maneno hayo yalituingia wote.

Kutoka kwake nilijifunza. Hapa Dallas, Embu, ninakokaa sasa kwa binti yangu, kuna sufuria ya presha ya kupikia maharagwe. Juzi ilikaa motoni muda mrefu bila kupiga mluzi, wajukuu wakafurahi kwamba leo jikoni kuna amani. Nilizima moto mimi, nikawatoa wote jikoni, tukangoja ipoe. Ganda la haragwe lilikuwa limeziba tundu. Binti yangu akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia kimya kingi kina mshindo mkuu, akadhani nasema methali tu.

Usidhani alikuwa malaika. Mdomo wake ulikuwa mkali. Alitucheka Kiswahili chetu cha mlimani, akatuita watu wa viazi. Chai hakunywa mpaka ipoe kabisa, ikiwa na moshi aliisukuma mbali. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ameona kile mvuke unachofanya kwenye mwili wa mtu. Na mtu huyohuyo aliyeingiza uso karibu na chuma kinachonguruma alikuwa akiogopa sindano. Siku moja alijikata kiganja, Daktari akataka kumdunga, akatoroka kupitia dirisha la chumba cha nguo, juu ya mashuka yangu yaliyokunjwa. Nilimfokea. Akaniambia, "Binti, sindano haina vali. Ikiingia imeingia."

Sasa nifike kwenye kuni.

Msitu ulikuwa umefungwa. Ukionekana ndani unapigwa risasi, uwe nani. Wanawake wa kijiji kilichokuwa chini ya hospitali, kile kilichozungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa, waliruhusiwa kwenda ukingoni mwa msitu kuokota kuni asubuhi fulani, wakisindikizwa na gadi wenye bunduki. Sehemu ya kuni hizo ilikuwa ya hospitali. Walikuja wameinama, mizigo mgongoni, kamba zimewakata vipaji vya uso, wakazitua mbele ya boila. Na hapo juu vali ikafunguka na kupuliza mvuke mweupe angani.

Wewe fikiria. Umeokota ukuni huku mtu amekuelekezea bunduki, halafu unauona unaruka juu ukiwa moshi.

"Fundi," mmoja wao alimwambia, "hii mashine yako inatupa kuni yetu hewani. Si ufunge hiyo mdomo?"

"Mama, ukimfunga mdomo huyu, atatafuta ubavu wa kutokea. Na ubavu wenyewe ni wako."

"Sisi tunajua tu ni kuni yetu inaenda."

"Basi nendeni mkalime viazi, mniachie boila."

Waliondoka wakimlaani. Lakini aliporudi safari iliyofuata alikuja na magunia chakavu, akatuomba udongo na samadi ya ng'ombe, akaivalisha boila koti nene kuanzia chini mpaka juu, akasiriba kwa mikono yake, ili joto lisipotee na kuni zipungue. Zilipungua kweli. Hakuwaambia wale wanawake, na nilipotaka kuwaambia mimi aliniambia nifue nguo zangu.

Aliyetia kuni kwenye boila ile tulimwita Mzee wa Kuni. Alikuwa jirani yetu pale kijijini, ambako nami nilikaa, mtu mtulivu, mrefu, aliyekuwa amerudishwa kutoka kizuizini na kupewa kazi kwa dhamana ya Daktari. Kila gadi alimjua kwa sura. Mkewe alikuwa rafiki yangu. Jembe lao, lenye pengo kwenye pembe moja, nililiazima mara nyingi mpaka nikalijua kama kidole changu.

Asubuhi moja ya kuni, gadi mmoja alisikia tawi likivunjika akafyatua risasi hovyo. Wanawake walikimbia. Mke wa Mzee wa Kuni aliteleza kwenye gogo na mzigo mgongoni, akavunjika mguu. Aliletwa wodini kwetu, na mumewe akawa akitia kuni huku akimsikia akilia ng'ambo ya ua. Na juu yake, vali inapuliza. Ilikuwa imeanza kuvuja wiki hiyo, inanong'ona mchana kutwa, na Fundi ameitwa lakini hafiki, barabara ya Meru imefungwa kwa sababu ya wanajeshi. Kila mnong'ono Mzee wa Kuni aliusikia kama kuni, na kila ukuni aliuona kama mguu wa mkewe.

Ndipo akalileta jembe. Lilikuwa limekaa bure nyumbani, mkewe hawezi kulima. Akalitoa mpini, akalitundika kwenye mkono wa vali, karibu na lile jiwe la chuma. Vali ikanyamaza. Wanawake wa kuni wakamshukuru. Hata mimi, nitasema kweli, niliposikia utulivu ule niliona raha, sikujua umetoka wapi.

Fundi alifika siku iliyofuata, jua likiwa juu. Alisimama nje ya kibanda kama kawaida, kichwa upande. Tulingoja aseme amesikia. Hakusema. Aliinua uso akatutazama, na kwa mara ya kwanza nikamwona hana majivuno yoyote.

"Tangu lini amenyamaza?" akauliza.

Hakungoja jibu. Alifungua mlango, akatazama ndani, akaurudisha polepole kana kwamba kuna mtoto amelala. Kisha akaja kwetu akasema kwa sauti ya chini, "Toeni wagonjwa wa wodi hii. Wapelekeni kule chini kwenye miti. Msikimbie, msipige kelele. Nendeni sasa."

Tulibeba watu kwa mashuka. Yeye alikwenda mlango wa chumba cha upasuaji, ambacho ukuta wake ndio ukuta wa boila. Nilikuwa nyuma yake nimeshika ncha ya shuka, nikasikia. Ndani kulikuwa na mama aliyepasuliwa, mtoto bado hajatolewa.

"Daktari, boila imefungwa mdomo. Mshale umepita mwisho. Tokeni."

"Siwezi kumsogeza," Daktari akajibu. "Akisogezwa anakufa."

"Basi fanya kazi yako," Fundi akasema, "na mimi nifanye yangu."

Akaingia kibandani, akauacha mlango wazi, nasi kutoka kwenye miti tukaona yote. Alifunga mlango wa chini unaopitisha hewa. Alichukua sepetu, akaufukia moto kwa majivu, sepetu moja baada ya nyingine, bila haraka. Jembe hakuligusa. Mzee wa Kuni alipoliona limeng'ang'ania pale juu, akaelewa alichofanya, alipiga ukelele akakimbia kwenda kulitoa. Fundi aliinua mkono.

"Simama hapo! Usiguse. Ukimfungua kwa ghafla na nguvu zote hizo, ndio mwisho wetu. Ngoja ashuke mwenyewe."

Kisha akaketi juu ya gogo, mbele ya geji, karibu kiasi cha kuweza kuigusa. Hakukuwa na la kufanya tena ila kungoja, na kungoja mtu anaweza kungojea popote. Angeweza kuja kwenye miti pamoja nasi. Lakini pale ndani palihitaji mtu wa kuangalia maji kwenye kioo na moto usifufuke, na nyuma ya ukuta kulikuwa na watu wasioweza kutoka. Alivua kofia yake akaiweka gotini. Sikuwa nimewahi kuona kichwa chake, kilikuwa na upara na makovu ya zamani ya kuungua. Aliketi hivyo, mgongo umenyooka, kama mtu anayemngojea mgeni wa heshima. Nimekuwa Mkristo tangu utoto na nimesali mara nyingi bila kuhisi chochote, lakini siku hiyo nilihisi kwamba nimeruhusiwa kuona kitu ambacho si cha macho yangu. Nilikaa chini.

Tulisikia mtoto akilia nyuma ya ukuta, kilio chembamba chenye hasira. Fundi hakugeuka. Baadaye sana mshale ulianza kurudi, akangoja mpaka uwe chini kabisa, ndipo akasimama, akavaa kofia, akapanda akalitoa jembe.

Ingekuwa wakati mwingine, hapo tungeimba. Lakini gadi mmoja alikuwa ameshakimbia kupeleka habari, na afisa wa polisi alifika na gari lake kabla jembe halijapoa. Kuharibu boila ya hospitali miaka ile, ukiwa mtu uliyetoka kizuizini, jibu lake lilikuwa kamba ya kunyongea. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mzee wa Kuni alisimama amelowa jasho, midomo imekauka. Gadi wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Nani alitundika hiki chuma?" afisa akauliza.

Niliona Mzee wa Kuni akivuta pumzi. Alikuwa anataka kusema, na akisema tutamzika.

"Jembe hili ni langu," Fundi akasema.

Afisa alimgeukia. "Lako?"

"Langu, afande."

"Wewe ndiye fundi?"

"Mimi."

"Fundi gani anaacha jembe juu ya vali?"

"Fundi anayefanya hivyo ni mjinga, afande. Hafai kupewa kazi na mtu yeyote."

Alisema akiwa amenyooka, macho mbele. Mtu aliyekuwa akiwaambia watu wawaulize Majengo! Afisa alimtukana mbele yetu sote, akamwita majina ambayo sitayaandika, akaamua kwamba uzembe si uasi. Karatasi za Fundi hazikuwa za Mmeru wala Mwembu wala Mkikuyu, watu wa Majengo wametoka kila mahali, na hilo lilimfaa, maana makabila hayo matatu ndiyo yaliyoshukiwa uasi. Daktari alitoka na damu ya yule mama bado mikononi. Alimwambia Fundi asirudi tena. Alisema kwa uchungu, na sijui kama alikisia ukweli.

Fundi alivaa shati lake, akalifuta lile jembe kwa gunia, akalitia kwapani. Alipopita mbele ya Mzee wa Kuni hakumtazama. Alisema tu, "Kila Jumatatu mvute kamba, apumue. Usisahau." Akatoka langoni.

Habari ilimtangulia kila mahali. Vinu vya mbao vilimkataa, viwanda vikaita watu kutoka Nairobi. Wanawake wa kuni walimwita Fundi Jembe wakacheka, na mimi ningecheka nao ningekufa kwa aibu, nisingecheka wangeniuliza nina nini. Nilikuwa nimelitambua lile pengo la pembe. Kusema ni kumpeleka jirani yangu kwenye kamba, kwa hiyo niliinamia mashuka. Muda mfupi baadaye, dereva wa lori la mboga alimletea mke wa Mzee wa Kuni jembe jipya, limefungwa kwa gazeti, na mpini wake. Hakusema nani amelituma. Yule mama alifikiri ni misheni, akawashukuru kanisani.

Hali ya Hatari iliisha, uhuru ukaja, handaki likafukiwa na watu wakarudi kwenye mashamba yao. Mzee wa Kuni alizeeka vizuri. Alipokuwa anakaribia kufa aliniita, akanieleza yote niliyoyajua, akasema, "Mimi nikienda, wewe sema. Usiache huyo mtu na hiyo jina." Tulipomzika nilipanda basi kwenda Meru.

Nilimkuta Majengo, nyuma ya msikiti, chumba kilekile, kupita mabucha. Ua wake mdogo ulikuwa na vitunguu. Alikuwa amekonda, shati limepigwa pasi, kofia nyeupe kichwani, na jicho moja limefunga ukungu. Chai yake ilikuwa pembeni ikipoa. Alinitambua kwa sauti.

"Dobi," akasema. "Bado mnatembea kwenye viazi?"

Nilimweleza kwamba Mzee wa Kuni amefariki. Alisema innalillahi. Nikamweleza kwamba amenipa ruhusa, na kwamba kesho yake nitaanza kuwaambia watu wote wa kule kwamba Fundi hakuwa mjinga, nitasimama hata kanisani. Alisikiliza kichwa amekiinamisha upande, kama alivyokuwa akiisikiliza boila.

"Mkewe yuko hai?" akauliza.

"Yuko."

"Anajua ni jembe lake ndilo lililokuwa pale juu?"

"Hajui. Mumewe hakumwambia."

"Basi usiseme. Mwache alale. Akishaondoka, useme unavyotaka, lakini jina usiliweke. Nilimwambia yule afande kwamba fundi huyo asipewe kazi. Sitaki kumgeuka."

Nililia. Nilimwambia nilichokuwa sijawahi kumwambia mtu, kwamba katika maisha yangu sijaona kitu kikubwa kama yeye alivyoketi kwenye lile gogo. Alijikuna shingo, akaona haya, mtu yule wa majisifu. Kisha kwa kutafuta neno la kusema nilimuuliza swali lililokuwa limenikaa miaka yote: yeye ambaye hakusema uongo hata juu ya vali, alijisikiaje kusema uongo siku ile?

"Uongo gani?"

"Kwamba jembe ni lako."

Alisimama, akashika ukuta, akaenda kwenye vitunguu, akarudi na jembe. Nililijua kwa lile pengo, ingawa pengo lenyewe lilikuwa karibu limekwisha, maana jembe lote lilikuwa limelika.

"Wiki ileile nilimpelekea lingine kwa lori," akasema. "Jipya kwa kuukuu. Kwa hiyo hili ni langu. Nilitangulia kusema tu, kabla ya kulibadilisha." Akanipa. "Shika, upime uzito."

Nililishika. Lilikuwa limelimiwa vitunguu mpaka limebaki kipande chembamba, jepesi kama kijiko.

"Hilo sasa," Fundi akasema, akaketi na kuivuta chai yake, "haliwezi kuzuia hata mvuke wa birika."

Mke wa Mzee wa Kuni tulimzika mwaka huu, mvua zilipoanza.